Santuri ya Mtumba ya Tamasha la Jazi: Kuichagua, Kuiosha, Kuisikiliza

Santuri iliyorekodiwa tamashani ina taabu ambayo ya studio haina: imezaliwa na kelele. Watu wanapiga makofi na miluzi, kuna anayepaza sauti kwa furaha, kuna anayegonga kipaza sauti bila kukusudia. Ongeza hapo miaka zaidi ya sitini ya kupita mikononi mwa watu, sindano butu, vumbi, na kikombe cha chai alichotuliza mtu juu yake siku ya sherehe. Ukiiweka kwenye mashine utajuaje kelele ipi ni ya usiku ule, na ipi ni ya aliyeimiliki kabla yako?

Nitashika mfano mmoja mpaka mwisho, maana maelezo ya jumla hayamsaidii mtu aliyesimama mbele ya kreti la santuri na noti mkononi. Mfano wangu ni Ellington at Newport, iliyotolewa na kampuni ya Columbia ya Marekani mwaka 1956. Ndiyo santuri iliyouzwa zaidi kuliko nyingine zote za Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazi wa Marekani, kwa hiyo nakala zake bado zinazagaa, na huna haja ya kukopa ili uipate. Halafu ina makosa ya aina tatu: makosa ya usiku wenyewe, makosa ya studio, na makosa ya wenye nayo waliotangulia. Bei inakatwa kwa ajili ya hayo ya tatu peke yake. Ukiyachanganya utairudisha santuri nzima kabisa, au utalipia iliyokufa.

Kwanza, jua unachokitafuta

Jumamosi, Julai 7, 1956, uwanja wa Freebody Park, mjini Newport, jimbo la Rhode Island. Tamasha lilikuwa na umri wa miaka miwili tu, limeanzishwa mwaka 1954 na George Wein akiendesha mambo ya muziki. Ellington alikuwa na miaka 57, na zama za bendi kubwa zilikuwa zimepita. Wenzake wengi walishavunja bendi zao. Alifungua jioni kwa nyimbo chache, akashushwa jukwaani, akasubirishwa mpaka saa sita ya usiku inakaribia ndipo akarudishwa. Watu walishaanza kuyaendea magari yao.

Akapiga kwanza utunzi mpya alioutunga na mtunzi mwenzake Billy Strayhorn kwa ajili ya tamasha. Ukapokewa kwa adabu. Ndipo akaziita bluzi mbili za mwaka 1937, Diminuendo in Blue na Crescendo in Blue, na katikati yake akampa nafasi mpiga saksafoni Paul Gonsalves. Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya bluzi, yaani aliupitia mpangilio wa wimbo mara 27, bila kupumzika. Mwanamke mmoja mwenye gauni jeusi akainuka na kucheza, watu wakasimama juu ya viti, na pembeni ya jukwaa Jo Jones, aliyekuwa mpiga dramu wa Count Basie, kiongozi mwingine wa bendi kubwa, akawa anagonga mapigo kwa gazeti lililokunjwa. Mwezi uliofuata sura ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la gazeti la Time. Mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa Newport mwaka 1956.

Sasa yale ambayo mwuzaji hatakwambia, pengine kwa kuwa hayajui. Jukwaani palikuwa na vipaza sauti vya Columbia na vingine vya redio ya Voice of America. Gonsalves alisimama mbele ya kile cha redio. Kwenye kanda ya Columbia, kwa hiyo, shujaa wa usiku anasikika kama mtu anayepigia chumba cha pili. Tena Ellington hakuridhika na jinsi utunzi mpya ulivyopigwa, na siku mbili baadaye, Julai 9, mtayarishaji George Avakian aliiingiza bendi studio mjini New York, wakairudia sehemu kubwa ya kazi, kisha makofi yakabandikwa juu. Miaka mingi baadaye kanda ya redio ilipatikana, na mwaka 1999 mwanahistoria wa jazi Phil Schaap akaziunganisha kanda mbili, ya redio upande mmoja na ya Columbia upande wa pili, ikatoka kwenye CD kama stirio ya kweli.

Ukiijua habari hii unaokoa pesa. Saksafoni iliyo mbali upande wa pili wa santuri si ubovu. Makofi yanayoingia ghafla kama bomba lililofunguliwa, hayo nayo si ubovu. Usimlaumu mwuzaji, usiilaumu sindano.

Pili, tambua umeshika chapa ipi

Chapa ya kwanza ina namba CL 934 na ni ya mono, yaani sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia. Tazama lebo ya katikati: nyekundu, yenye alama sita ndogo mfano wa jicho, tatu kila upande. Wakusanyaji huiita lebo ya macho sita, na Columbia waliitumia tangu mwishoni mwa 1955 hadi 1962 hivi. Baadaye macho yakabaki mawili, na miaka ya 1970 yakaondoka kabisa, jina la Columbia likawa linauzunguka ukingo wa lebo kwa rangi ya dhahabu. Zote hizi zinasikilizika. Mimi mwenyewe kati ya macho sita yaliyochoka na macho mawili yaliyo safi nachukua macho mawili, na anayetaka kunicheka acheke.

Ninayoikwepa ni moja tu: ile ya miaka ya 1960 yenye namba inayoanza na CS na maneno ya Kiingereza yanayodai kwamba imegeuzwa kuwa stirio kwa umeme. Hapo mafundi walichukua kanda ya mono wakaigawa kwa hila, besi huku, sauti nyembamba kule, na mwangwi kidogo wa kuziba nyufa. Bendi inasikika kama imo ndani ya tangi la maji.

Ukiikuta kwenye shehena iliyotoka Uingereza, usishangae kuona nembo ya Philips badala ya Columbia. Kule jina la Columbia lilikuwa mali ya kampuni nyingine, EMI, basi rekodi za Columbia ya Marekani zilitolewa na Philips hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Si feki.

Namba iliyochongwa kwenye duara tupu karibu na lebo hutazamwa sana na wenye kiherehere. Wakiona imeishia na 1A wanapandisha bei. Columbia walikuwa wakichonga nakala mama kadhaa kwa pamoja na kuvipeleka viwanda mbalimbali, kwa hiyo 1A na 1D zaweza kuwa za mwezi mmoja. Usilipie herufi.

Kwa aliyeko kwetu nina angalizo jingine. Neno jazz kwenye santuri za Afrika Mashariki lina maana yake. Nilisimama siku moja Kenyatta Market, Nairobi, nikaulizia jazi, na kijana akanitolea rundo zima kwa furaha: "Hizi hapa kaka, jazz tupu." Western Jazz, Nuta Jazz, Morogoro Jazz. Hakukosea hata kidogo. Hayo ndiyo majina ya bendi, na niliondoka na mbili. Ila kama unamtaka Ellington, mtaje kwa jina.

Tatu, ikague kabla hujatoa pesa

Itoe kwenye jalada. Nasema hivi kwa uchungu. Nakala yangu ya kwanza niliinunua kwenye mnada wa vitu vya zamani Massachusetts, jalada zuri, pembe zimesimama, picha ya Ellington haina doa. Nilifika nyumbani, nikakuta ndani mna nyimbo za Krismasi.

Ishike kwa ukingo na lebo, vidole visiguse mifereji, ile mistari myembamba inayopitiwa na sindano. Simama mlangoni au karibu na dirisha, uilaze mpaka mwanga uteleze juu yake kwa mshazari. Mwanga wa taa ya dari huficha. Mwanga wa pembeni unaumbua. Tochi ya simu inatosha ukiishika chini, usawa wa santuri.

Utakachokiona kina tabaka zake. Alama nyembamba mithili ya nywele, zinazoonekana zikielekezwa pembe moja na kupotea pembe nyingine, mara nyingi zimetokana na kuingia na kutoka kwenye karatasi, na hazisikiki sana. Mkwaruzo unaokata mifereji kwa kuivuka upitishie ukucha polepole: ukucha ukikwama, sindano nayo itagonga. Unaonitia hofu zaidi ni mkwaruzo mrefu unaokwenda sambamba na mifereji, kwa sababu huo huishika sindano na kuirudisha palepale, na Gonsalves atapiga mizunguko mia mbili badala ya 27.

Halafu tafuta weupe. Santuri nyeusi yenye afya inang'aa. Penye mvi, hasa sehemu zenye sauti kubwa, mifereji imeliwa na sindano nzito za zamani, na hilo haliondolewi na sabuni yoyote duniani. Hapa mfano wetu una hatari yake maalumu. Upande wa pili unaanza na Jeep's Blues, kisha ndiyo bluzi ndefu ya dakika zaidi ya 14. (Usiku wenyewe mpangilio ulikuwa kinyume, Jeep's Blues ilipigwa baadaye, kuwatuliza watu.) Maana yake kilele chote, bendi nzima inapovuma na tarumbeta la Cat Anderson kupanda juu kabisa, kiko ndani karibu na lebo. Santuri huzunguka mara 33⅓ kwa dakika popote sindano ilipo, lakini ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ya sentimeta 50 hivi kwa sekunde, na karibu na lebo ni 21 tu. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi chini ya nusu. Ndiyo maana sehemu ya ndani huharibika kwanza na hukwaruza kwanza. Kwa hiyo usikague wimbo wa kwanza wa upande wa kwanza, kama wanunuzi wengi wanavyofanya. Geuza, na utazame sentimeta tatu za mwisho.

Tazama na tundu la katikati. Nyuzi nyingi za kijivu zilizoizunguka ni alama za mtu aliyekuwa akiitafutia tundu kwa kupapasa, pengine gizani, pengine amelewa. Tundu safi kwenye santuri ya 1956 ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya mwuzaji.

Mwisho, ilete usawa wa jicho uone kama imepinda. Wimbi dogo pana si neno. Mkunjo mfupi mkali ukingoni hurusha sindano. Na nusa jalada. Harufu ya kabati la bibi inavumilika. Harufu ya ukungu ujue inahamia kwa jirani zake.

Nne, ukiruhusiwa kuisikiliza

Mwombe mwuzaji aiweke upande wa pili, dakika nne au tano za mwisho, halafu uhesabu. Santuri ya 33⅓ humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Mkwaruzo umekaa mahali pamoja kwenye duara, kwa hiyo unagonga kila baada ya sekunde 1.8: ta... ta... ta... kama saa ya ukutani iliyochoka. Mtu anayepiga makofi Newport hawezi kufanya hivyo, wala Jo Jones na gazeti lake, maana yeye anafuata mapigo ya bendi, na bendi haichezi kwa mwendo wa mashine yako. Ukisikia kishindo, gonga kidole pajani na usubiri. Kikirudi kwa wakati wake mara tatu, ni cha mwenye nayo wa zamani. Kisiporudi, ama ni vumbi, ama ni cha watu wa usiku ule, waachie.

Mpasuko wa sauti ni jambo tofauti. Sauti ikichanika kila tarumbeta zinapopanda na kurudi safi zinaposhuka, mifereji imeliwa. Lakini kabla hujahukumu, muulize mwenye duka sindano yake ina umri gani. Wengi hucheka.

Kununua ukiwa mbali

Wauzaji wa mbali hutumia herufi. NM ni karibu na mpya, VG+ ina alama ndogo zisizoharibu usikilizaji, VG inasikika kelele lakini muziki unaishinda, na G, ambayo kwa tafsiri ya neno ni nzuri, kwa vitendo ni mbovu. Kwa santuri ya tamasha naridhika na VG+. VG naikubali upande wa kwanza tu. Uliza maswali mawili yasiyojibika kwa "iko poa": je, umeisikiliza au umeitazama tu, na je, dakika za mwisho za upande wa pili zinachanika? Omba picha ya lebo zote mbili na ya santuri kwenye mwanga wa pembeni.

Mwambie pia aitoe santuri nje ya jalada wakati wa kufunga, ziwe bega kwa bega ndani ya plastiki moja. Ikisafiri ndani, kila kishindo cha njiani huifanya ipasue mshono wa jalada. Na piga hesabu ya nauli na ushuru kabla ya kufurahia bei, kwa sababu mara nyingi nauli ndiyo bei yenyewe.

Kuiosha

Ioshe hata kama inaonekana safi. Vumbi lililojificha chini ya mfereji halionekani, na sindano huligandamiza ukutani mwa mfereji kila inapopita.

Shida ya kwanza ni maji. Ya bomba Dar es Salaam au Mombasa, sembuse ya kisima, yana chumvi, na yakikauka yanaacha ukoko mle mle ulikotaka kuondoa uchafu. Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri! Kuna watu wanaoiita hata asidi ya betri kwa jina hilohilo, na hiyo itakula mikono yako kabla haijaifikia santuri. Lazima iandikwe kwamba ni maji yaliyokenekwa na si kingine.

Utahitaji mabakuli mawili, vitambaa laini visivyotoa nyuzi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo isiyo na mafuta ya kulainisha mikono, na kichanja cha kuanikia sahani, kile chenye nafasi za kusimamisha. Kwenye lita moja ya maji tia matone mawili matatu ya sabuni, basi. Povu likiwa jingi utasuuza mpaka magharibi.

Funika lebo, mimi natumia vifuniko viwili vya plastiki nilivyovikata mviringo na kuvibana na kidole. Lowanisha uso wa santuri, uache dakika moja uchafu ulegee, kisha pitisha kitambaa kufuata mviringo wa mifereji. Kamwe usikate kutoka katikati kwenda ukingoni. Usikandamize, maji ndiyo yanayofanya kazi, mkono unasindikiza tu. Suuza kwa maji matupu ya bakuli la pili, na ukiona yamekuwa kijivu yamwage uweke mengine. Futa matone kwa kitambaa kikavu, isimamishe kivulini mpaka ikauke yenyewe. Juani usithubutu.

Kwa mafuta ya vidole yaliyoganda unaweza kuongeza spiriti ya isopropili, fungu moja kwa mafungu manne ya maji. Isiwe spiriti yenye rangi wala manukato. Na ikiwa kwenye rundo lako kuna zile santuri nzito za kasi ya 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928, spiriti isizikaribie hata kwa harufu. Zile zimetengenezwa kwa utomvu uitwao sheleki, na spiriti huuyeyusha. Utakuwa umeuosha wimbo wenyewe.

Wako wanaomwaga gundi ya mbao juu ya santuri, ikikauka wanaibandua pamoja na uchafu. Nimeona ikifanikiwa kwa mikono ya mtu mwingine. Yangu inatetemeka.

Mashine na sindano

Uzito wa sindano ndio mwanzo wa yote. Kila katriji, kile kijisanduku kinachoshika sindano, ina kipimo chake, nyingi za kawaida ni kati ya gramu 1.5 na 2.5, kifuate, na ununue mzani mdogo wa kupimia. Watu hudhani sindano nyepesi ni huruma. Ikiwa nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta zake, na hapo inaharibu zaidi kuliko ile iliyozidi kidogo. Kubandika sarafu juu ya mkono wa mashine ili isiruke tuliwaachia wenye baa. Vile vimashine vya sanduku vyenye spika ndani mara nyingi hukandamiza kuliko inavyofaa. Kama ndicho ulicho nacho, kitumie kwa santuri usizozionea uchungu.

Hakikisha kati ya mashine na amplifaya kuna kifaa cha fono, ama ndani ya mashine, ama kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa hivyo. Bila hicho utasikia sauti ndogo, nyembamba, isiyo na besi, na utamlaumu Jimmy Woode, mpiga besi wa bendi, bure.

Sasa siri ambayo imenipa raha kuliko pesa yoyote niliyotumia. Santuri ya mono imechongwa ili sindano iende kushoto na kulia tu. Sindano ya stirio inasoma pia kupanda na kushuka, na kwenye santuri ya mono huko juu na chini hakuna muziki wowote: ni vumbi, mikwaruzo na uchakavu. Amplifaya yako ikiwa na kitufe cha Mono, kibonyeze. Yale ya kupanda na kushuka yanafutana, na kelele zinapungua palepale huku bendi ikibaki ilivyo. Kama huna kitufe, waya mbili za kuunganisha kushoto na kulia kuwa moja kisha kuzigawa tena zinafanya kazi hiyohiyo. Nimewahi kuiokoa santuri niliyoihesabu kuwa VG kwa kidole kimoja.

Wenye uwezo hununua sindano ya mono yenye ncha ya mikroni 25 badala ya 18 zilizozoeleka kwa stirio. Mifereji ya miaka ya 1950 ni mipana, na ncha nene hukaa juu zaidi ukutani, mahali ambapo pengine sindano za zamani hazikuparua. Si lazima. Anza na kitufe.

Kuihifadhi pwani

Nilipokuwa ughaibuni adui yangu alikuwa mikwaruzo. Niliporudi Dar ikawa hewa. Jalada la karatasi linakunywa unyevu, gundi inaachia, madoa ya kahawia yanatokea, na baada ya masika unakuta ukungu umetambaa hadi kwenye mifereji. Simamisha santuri wima, zisilaliane, rafu iwe mbali na ukuta wa nje, na acha upenyo hewa ipite nyuma. Ndani tumia mifuko laini ya polithini badala ya karatasi ya zamani iliyojaa vumbi. Karatasi hiyo usiitupe, ibakishe ndani ya jalada kwa kuwa ni sehemu ya thamani yake. Epuka mifuko minene ya plastiki yenye harufu kali, maana hutoa kemikali zinazoacha utando juu ya santuri. Na usiisahau kwenye gari lililofungwa juani ukiwa umeteremka Kariakoo "dakika moja tu".

Sasa keti

Weka upande wa pili. Usianze na sauti kubwa. Jeep's Blues ya mpiga saksafoni Johnny Hodges ni tamu kwa sauti ya chini, na hiyo unayoisikia ni ya studio, pamoja na makofi yake ya kubandika. Sikiliza jinsi makofi hayo yasivyo na nafasi ndani yake, kama picha ya ukutani ya umati.

Kisha bluzi ndefu inaanza, na umati ni wa kweli. Ellington kwenye piano, Sam Woodyard kwenye dramu, bendi inapokezana maswali na majibu. Baada ya dakika nne hivi Gonsalves anaingia, kwa mbali, upande wa kipaza sauti kisicho chake. Ongeza sauti hapo, usiogope. Mizunguko michache ya kwanza watu wametulia. Halafu kuna mluzi. Halafu sauti kutoka jukwaani ikimhimiza. Ukifika katikati utasikia kelele inayopanda isiyotoka pembe moja, na kwenye nakala yangu pana na mkwaruzo mahali hapo, mfupi, ta... ta... ta..., mara nne, kisha unazama ndani ya umati. Niliukuta nilipoinunua na nilikatiwa bei kwa ajili yake.

Cat Anderson akishamaliza juu kabisa, mashine nyingi hazinyanyui mkono zenyewe. Inuka uunyanyue. Pitisha brashi kwenye sindano kutoka nyuma kuja mbele, mara moja, irudishe santuri kwenye mfuko wake, mdomo wa mfuko ukitazama juu na mdomo wa jalada ukitazama pembeni, ili vumbi lisipate njia iliyonyooka.